Mekanisie Aliyeng'oa Magari Meno

Gari likiletwa kwake, hakuliangalia. Aligeuza mgongo. Mwenye gari anawasha, anakanyaga, anaeleza maneno mengi, na yeye amesimama anatazama ukuta wa matofali wa jirani, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Kisha anasema, "Zima," na anataja ugonjwa. Wasiomjua walikasirika, wakaona ni dharau. Waliomjua walinyamaza, maana ukisema wakati moteri, injini yenyewe, inasema alikufukuza weye pamoja na gari lako.

Sisi wa mtaa wa Rugenge tulimwita Mekanisie, yaani fundi magari, basi. Jina alikuwa nalo, ila sikumsikia mtu akilitumia, hata mke wake.

Mimi si mtu wa magari. Mimi ni msusi. Nilisoma mpaka mwaka wa pili wa sekondari, kisha masomo yakasimama kwa ajili ya vita, na hayakuondoka tena pale yaliposimama. Nyumbani kwa Mekanisie niliingia kupitia nywele za mke wake. Tulimwita Mama tu. Asubuhi moja alikuwa anapepeta mchele, upande wake wa kushoto ukalala ghafla, haukuamka tena. Tangu hapo mumewe alimwogesha, alimlisha, alimgeuza kitandani ili mgongo usichubuke, na akajaribu hata kumsuka. Nilipofika mara ya kwanza nilikuta mistari mitatu kichwani, imenyooka kama mifereji, imekazwa mpaka nyusi zimepanda juu.

"Nifungue, mwanangu," Mama aliniambia. "Huyu mzee anazani minye niko moteri."

Mekanisie alikuwa mlangoni. Alisema kwamba kitu kisichokazwa kinavuja, akaenda zake.

Nilimpenda siku hiyo hiyo, ingawa hakuwa mtu wa kupendeka. Salamu alizitoa kwa kipimo. Alicheka mara chache, tena kwa pua. Nilipokuwa nasuka nilipenda kuwasimulia ndoto yangu: saluni inayotazama ziwa, kiti kinachozunguka, vioo viwili, na redio inayoimba kutoka asubuhi mpaka tunafunga. Mama aliniongezea vitu: pazia, feni, picha za mitindo ukutani. Tulijenga saluni ile mara nyingi, mimi na yeye, mpaka nilijua rangi ya mlango. Mekanisie alisikiliza siku nyingi bila neno, kisha siku moja akasema, "Anza na kioo." Kesho yake akaniletea kioo cha pembeni cha lori, kimepasuka kidogo juu. Ninacho hadi leo.

Uchafu wake ulikuwa wa ajabu, na usafi wake vilevile. Mikono ilikuwa nyeusi mpaka viwiko, shati halikujua tena rangi yake ya kwanza. Lakini alikuwa na kitambaa cheupe, anakifua mwenyewe kwa sabuni ya kuogea, anakipiga pasi ya makaa, na juu ya kitambaa kile hakikuwekwa kitu chochote isipokuwa enjekteri. Hata Mama hakuruhusiwa kuegeza kikombe.

Enjekteri ni nini, alinifundisha bila kutaka, kwa kuwa nilikuwa nauliza sana. Karibu magari yote ya mjini wakati ule yalikuwa ya zamani na rahisi, yasiyo na enjekteri, au malori ya mazutu, ya dizeli, yenye enjekteri zao nzito. Lakini yeye alikuwa na gari lake, jekundu, la milango miwili, limelala chini kama mbwa anayetaka kuruka. Lilikuwa gari la mbio la miaka ya zamani, lililotengenezwa nchi za watu kwa barabara ambazo sisi hatuna. Mfanyabiashara mmoja alimwachia alipokimbia vita ya kwanza, maana halikuingia kwenye boti. Ndani yake kulikuwa na enjekteri nne, kila moja ina urefu wa kidole cha shahada, kila moja na silinda yake. Umeme ukiigusa inafunguka kidogo, inapuliza esanse, petroli, kupitia tundu ambalo jicho halilioni, inajifunga.

"Moteri hainywi," alisema. "Moteri inanusa." Enjekteri nzuri inatoa ukungu, kama ule unaokaa juu ya ziwa kabla jua halijatoka vizuri. Mbaya inakojoa kama mbuzi. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake, na akiyatamka alikuwa na uso wa mtu anayesoma katekisimu.

Na kulikuwa na sheria moja: usitie sindano. Dereva mmoja wa Kavimvira alichokonoa tundu la enjekteri yake kwa sindano ya kushonea, akalipanua, kisha akaileta. Mekanisie aliipokea, akaitazama, akamrudishia mkononi. Akakaa muda mrefu bila kumsalimia mtu yule, hata kanisani wakati wa kupeana amani. Mama alimsuta sana kwa hilo. Alijibu kwamba sindano ni ya nguo.

Sasa niseme jambo ambalo wageni hawaelewi. Kila vita ilipokaribia, kazi ya huyu mtu iligeuka kichwa chini.

Wenye silaha wanahitaji magari. Wawe wa huku au wa kule, wakiingia au wakikimbia, gari linalowaka linaenda nao, na mara nyingine dereva anaenda pia, asirudi. Kwa hiyo watu wa magari walikuwa wanatega sikio. Tetesi zikitoka Rurambo, mlimani, au wakianza kuonekana wale wa Kiringye, kaskazini kwetu, wanapita na magodoro vichwani, walikuja kwake mmoja mmoja. "Mekanisie, tung'olee." Naye aling'oa. Tuliita hivyo, kung'oa meno. Alitoa enjekteri, au kabureta kwa gari lisilokuwa nazo, akafunga katika kitambaa, akampa mwenye gari, na kila mmoja alificha zake anapojua: katika pipa la unga, chini ya kuku anayeatamia, ndani ya ngoma ya kwaya. Askari walipofika walilizungusha gari mpaka betri ikafa, wakalipiga teke, wakaenda. Amani ikirudi, au kitu kinachofanana nayo, alirudisha meno yote mahali pake.

Mtu aliyependa sauti ya moteri kuliko muziki alikuwa ndiye muuaji wa moteri katika mji mzima. Aliniambia hakuna kazi iliyomchosha kama hiyo, kwa sababu aliifanya vizuri.

Katika vita moja kamanda alikuja kumchukua nyumbani, akampeleka mbele ya lori ambalo Mekanisie mwenyewe alikuwa amelitoa meno jana yake. Akaambiwa asikilize, aseme ugonjwa. Aligeuza mgongo kama kawaida. Walizungusha, walizungusha. Akasema, "Hii imekufa zamani." Kamanda hakuamini, akampiga kitako cha bunduki begani. Bega lile halikupanda tena sawasawa na mwenzake. Lakini yeye alilalamikia jambo lingine. Alisema amedanganya akiwa amegeuza mgongo, na pale ndipo alipokuwa anasemea kweli.

Meno ya gari lake mwenyewe alikuwa anayazamisha katika oili ya moteri, ndani ya chupa ya mdomo mpana, na kuichimbia jikoni. Kila vita ilikuwa hivyo. Vita hii ninayotaka kuisimulia ilimkuta hana oili. Barabara zilikuwa zimefungwa muda mrefu, na oili yake ya mwisho aliimimina katika jenereta ya hospitali, maana walikuja kumlilia. Basi akatumia mawese.

Usimcheke haraka. Kwetu nani amewahi kuona kitu kimeharibika ndani ya mawese? Tunapaka panga lisishike kutu, tunapaka bawaba za mlango, visigino vilivyopasuka, ngozi ya mtoto aliyetoka surua. Mama yangu alihifadhi nyama ndani yake. Hata yeye alikuwa amewahi kuzamisha humo enjekteri za malori, zile nzito za chuma kitupu, zikatoka salama. Kwa hiyo alijaza chupa mawese, akazamisha zake nne, akachimbia kwenye kona ya jiko, akasahau. Tetesi zilipoa, zikapanda, zikapoa. Chupa ilikaa huko masika yote, jiko linaipasha mchana, inapoa usiku.

Kisha watu wa Kiringye walianza kupita, na safari hii hawakusimama kupumzika kwetu. Nyuma yao tulisikia mizinga kutoka bondeni kwa Ruzizi, kama magunia yanayoangushwa katika stoo ya mbali. Mpaka wa Burundi ulikuwa umefungwa. Njia iliyobaki ilikuwa moja, kusini, ile iliyobanwa kati ya mlima na ziwa, kuelekea Mboko na Baraka. Rugenge ikamwagika kwenye barabara hiyo kwa miguu.

Lakini Mama hakuwa na miguu. Mekanisie alijaribu kumkalisha kwenye baiskeli, tukimshika mimi na yeye. Alianguka upande wa kushoto, akaumia nyonga, akatuomba tusirudie. Watu wa kumbeba hawakupatikana, kila mgongo ulikuwa na mtoto wake. Ufukweni boti zilikuwa zinapiganiwa, na tulisikia moja imepinduka. Watoto wao walikuwa wametawanyika mbali miaka mingi. Ikabaki ile nyekundu, imekaa uani bila meno.

Alichimbua chupa asubuhi hiyo. Mawese yalikuwa yamegeuka kitu kingine, kigumu pembeni, na katikati kinavutika kama gundi. Alizitoa kwa kidole, akazipanga juu ya kitambaa cheupe, kikawa cha rangi ya machungwa. Raba zake ndogo zilikuwa zimevimba kama maharage yaliyolowekwa.

Mama alikuwa amelazwa kwenye mkeka karibu na mlango, tayari kwa safari. Harufu ikamfikia.

"Papa, unapika?"

Mekanisie aliendelea kufuta. Mama akainua kichwa kidogo, akaona.

"Mawese ni ya sombe, mzee," alisema. "Umeipikia moteri mboga."

Nilicheka, sikuweza kujizuia. Na yeye Mekanisie alicheka, kwa pua, kisha akakaa chini. Sikuwahi kumwona anakaa akiwa kazini. Alitazama zile nne, akasema polepole, "Nimeziua minye mwenyewe."

Mama akamwambia kwamba kama zimekufa azizike, na kama hazijakufa aamke. Akaamka.

Tulichemsha maji, tukaweka bakuli la mafuta ya taa ndani ya sufuria ya maji ya moto, mbali na makaa, na tukazilowesha humo. Raba alizitoa, akaweka nyingine alizozikata kutoka kwenye pompo ya lori lililokufa. Esanse ya tangi hakutaka kuigusa, ilikuwa ya safari; ya kujaribia ilikuwa nusu chupa, aliipata kwa kijana wa pikipiki aliyekuwa anaitelekeza pikipiki yake. Mimi nilileta betri za redio yangu na pompo ya baiskeli ya bibi yangu. Nilisukuma pompo, esanse ikakaa nyuma ya enjekteri ikisubiri, na yeye akagusisha waya kwenye betri, kufumba na kufumbua tu, kwa kuwa ukishikilia inaungua. Enjekteri inajibu: tik.

Ya kwanza ilisema tik na haikutoa kitu. Tukairudisha kwenye moto. Tik, tone moja. Tik, matone. Aliigonga kidogo kwa mpini wa bisibisi, akavuta kwa mdomo mpaka midomo ikaungua na esanse, akatema chini mabonge ya rangi ya machungwa. Tik, uzi mwembamba. Na tena, na ghafla mbele ya macho yangu ukatoka ukungu, mdogo, mzuri, umefunguka kama pindo la gauni. Nilipiga makofi. Kwangu tulikuwa tumeshafika Baraka, Mama amekaa hospitalini, mimi namsuka.

Ya pili ilituchosha zaidi. Ya tatu ilichukua esanse nyingi. Wakati huo mizinga haikuwa tena magunia ya mbali; kila mmoja ulikuwa na mlio wake. Jirani wa mwisho kupita alitupigia kelele juu ya ukuta kwamba askari wanaonekana Kavimvira, mlangoni mwa mji, akaendelea bila kugeuka.

Ya nne ilisema tik, vizuri kabisa, na haikutoa chochote. Moto, tik. Mdomo, tik. Tundu lilikuwa limezibwa kwa ndani.

"Binti," Mama aliniita. "Mwambie aende. Minye hanisikilizaka."

Nikamgeukia Mekanisie. Alikuwa amesikia, mkeka ulikuwa hatua chache tu. Akasema bila kuinua uso, "Mwambie nikienda, nani atamnywesha maji?"

"Mwambie watu hufaka na kiu pia, si jambo geni."

"Mwambie anyamaze, niko nasikiliza."

Nilishika pompo, machozi yananidondokea mikononi. Naye akanyoosha kiganja chake kuelekea kwangu, macho hayatoki kwenye kitambaa.

"Nipe sindano yako."

Ninayo moja ya kushonea rasta, ndefu, ncha kali. Ilikuwa kifuani, kwenye kanga, mahali pake pa siku zote. Nilimwangalia. Mama pia alimwangalia, na safari hii hakumtania. Aliingiza sindano, akasukuma. Tuligusisha waya. Enjekteri ikakojoa kama mbuzi.

Aliitazama sana. Aliifuta, akaifunga mahali pake pamoja na zile nzuri tatu, ili izibe tundu, na waya wake akauacha unaning'inia bila umeme. Kisha akanipa ufunguo. Mimi, ambaye nilikuwa sijawahi kushika usukani, nikakaa ndani ya gari la mbio. Yeye alisimama uani, akageuza mgongo.

Liliwaka. Lilikuwa linachechemea, kama mtu wa mkongojo anayetembea juu ya mbao, na gari zima linatikisika, milango inagonga. Kwa mara ya kwanza nilimwona anasikiliza na hataji ugonjwa. Nilimwuliza kama nizime.

"Hapana," alisema. "Iko."

Tulikilaza kiti cha abiria mpaka nyuma, tukatandika godoro, tukamwingiza Mama kichwa kwanza. Alisema tunamwingiza kama mkate kwenye tanuri. Mekanisie akaniambia niingie nyuma. Sikuingia. Bibi yangu alikuwa amefunga mlango wake kwa ndani, anasema amekimbia za kutosha katika maisha yake, na mimi sikuwa na moyo wa kumwacha huko peke yake. Mekanisie hakunisihi. Alipandisha gari barabarani polepole, nikalisikia likichechemea mpaka upande wa Kalundu, kusini, kisha sauti za watu zikalifunika.

Yaliyotupata sisi tuliobaki ni hadithi nyingine. Bibi yuko hai, na bado anajisifu kwamba alisema kweli.

Barabara ilipofunguka nilialikwa Mboko kusuka bibi harusi. Nilikwenda nikiwa na furaha kama kawaida yangu, nimebeba kioo changu. Nilikuwa nimewauliza watu wengi habari za Mekanisie, kila mtu akanipa yake. Asubuhi baada ya harusi niliteremka ufukweni, pale wavuvi wanapovuta boti zao, nikaona mtu amesimama amezipa mgongo, moteri ya boti inanguruma nyuma yake. Bega moja lilikuwa chini. Nilingoja mpaka akasema zima.

Alinisalimia, "Msusi," kana kwamba tuliachana jana. Nikatazama nyuma yake, kwenye kibanda cha nyasi, nikitafuta mkeka. Aliona ninachotafuta.

Akanisimulia huku anafuta mikono. Karibu na Swima walikuta bariere, kizuizi cha askari wanaokimbia. Waliwashusha, wakachukua gari. Mama alifika Mboko kwa tipoyi ya kanisa, machela ya kubebwa mabegani, watu wa hapa ni wema. Aliishi wiki chache, juu ya mkeka wa watu wasiomjua, homa ikiwa imemwingia kupitia ile nyonga. Kaburi liko juu kidogo, unaliona ziwa lote. Alisema yote hayo kwa kipimo, kama salamu zake.

Nilisema tu kwamba gari lilijitahidi.

Alikikunja kitambaa cha kufutia. Kisha akasema kwamba Mama hakuwahi kupanda lile gari. Lilipokuja, alisema gari la milango miwili ni la mwanamume asiye na mke, akakataa kuligusa. Baadaye, alipougua, alikuwa hakunjiki kuingia humo. Siku ile ilikuwa ya kwanza kwake.

"Mbele kidogo watu wakapungua barabarani," alisema. "Njia imenyooka, ziwa liko hapa, mlima hapa. Akaniambia, 'Hii ndiyo ulikuwa unaipendaka kuliko minye? Basi, nionyeshe mbio yake.'"

"Na enjekteri tatu?"

"Na tatu. Haikuwa na nguvu hata ya kupita ng'ombe." Alitazama mikono yake. "Yeye alikuwa amelala chali, kiti kimelazwa, haoni barabara. Anaona mbingu tu. Nikaiacha ku vitesi ya pili, gia ya chini, nikakanyaga mpaka chini. Ikalia yote. Tulikuwa tunaenda kama baiskeli ya mihogo, lakini ikalia."

Wavuvi walikuwa wanamwita kwenye boti nyingine. Hakugeuka.

"Akasema nini?" nilimwuliza.

"Alinishika huku begani, kwa mukono wake wa kulia. Akasema, 'Punguza, mzee, utatuua.'"

"Na weye?"

"Nikapunguza."